Mchanga Kwenye Springi

Mdogo wangu ni mwalimu wa jiografia. Anajua mvua inatoka wapi, milima iliinukaje, na kwa nini huku ni mchana wakati kule wamelala. Hayo yote namheshimia. Lakini siku aliyonunua seti ya spana kwenye kiboksi chekundu cha plastiki, nilijua tumekwisha.

Mimi ni fundi magari. Miaka ishirini na sita nalala chini ya magari ya watu, na gerejini wananiita Sikio. Jina hilo sikujipa. Gari likiingia getini, kabla sijainuka kwenye kigoda changu, nishasema: hiyo mkanda umelegea, hiyo ekzosi imetoboka, wewe zima injini haraka, mafuta yamekauka. Wanacheka, wanafungua boneti, wanakuta vilevile. Najisifu? Ndiyo, najisifu. Nimeifanya kazi mwenyewe, sasa nimsubiri nani aje kunisifia?

Mwalimu alijaribu ufundi mara ya kwanza mwaka juzi. Alibadilisha breki za mbele, akafunga pedi kinyume, chuma kikasaga chuma mtaa mzima ukatoka nje. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kibaya zaidi, nilikwenda kuwasimulia gerejini, na kwa miezi kadhaa akipita pale anaitwa Profesa wa Breki. Alikuwa anapunga mkono na kupita, nami nikaona ni utani wa ndugu, umeisha.

Safari hii mambo yalikuwa mazito. Mama yetu, anayeishi kwa Mwalimu, ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Alikuwa amebakiwa na vivuli tu. Mtu akisimama mlangoni anajua kuna mtu, ila si nani. Miezi minane tulisubiri tarehe ya upasuaji kwenye hospitali ya macho, safari ya saa tatu kwa gari. Tarehe ikatoka: Jumamosi, saa mbili asubuhi, na karatasi yao ilisema wazi kwamba atakayechelewa anarudi mwisho wa foleni. Basi la kwanza linafika kule saa tano. Kwa hiyo ni gari la Mwalimu au miezi mingine minane ya vivuli.

Na gari la Mwalimu, gurudumu la mbele kushoto, lilikuwa linalia ka-ka-ka kila likikata kona. Mpira wa ekseli ulichanika, grisi ikatoka, vumbi likaingia. Hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Angeniita ningeimaliza kabla ya chai kupoa. Hakuniita. Jumapili, shule zikiwa zimefungwa, alijifungia uani na kiboksi chake chekundu na simu inayomwonyesha video, akabadilisha ekseli nzima peke yake.

Jumatano ndipo aliponipigia.

"Dada, shikamoo. Sasa, ile ka-ka-ka imeisha."

"Marahaba. Hongera."

"Ila kuna nyingine imekuja."

"Hahaaa!" Nilishindwa kujizuia. "Nakuja."

Ni mtaa wa pili tu, dakika tano kwa miguu. Nilimkuta amesimama kando ya gari, mikono nyuma, kama anasubiri mkaguzi wa shule. Mama alikuwa barazani, akaniita nikaenda kumwamkia, akanishika uso kwa mikono miwili kama anavyofanya siku hizi.

"Umekonda," akasema.

"Huoni, unajuaje?"

"Mkono unaona. Nendeni mkaangalie hilo gari lenu."

Tuliingia barabara kuu, mimi kwenye usukani, Mwalimu kushoto kwangu, Mama nyuma yangu. Mama hataki kiti cha mbele. Mwaka mzima, kila nikiwaendesha, nimembembeleza, anasema jua linamchoma macho. Haya. Gari lilipofika mwendo wa sitini, mlio ukaanza: uuuuu, mzito, unapanda na mwendo, unashuka na mwendo. Huo hata mwanafunzi wangu wa wiki ya kwanza anaujua. Ni beringi ya gurudumu.

"Ni ekseli niliyonunua," Mwalimu akasema. "Ni ya mtumba, nadhani wameniuzia bovu."

"Ekseli mbovu hailii hivyo. Hiyo ni beringi, na ni ya kulia."

"Kulia? Dada, mimi kulia sijagusa. Nilifanya kushoto."

"Ndiyo maana inalia huko, imeona wivu. Mwalimu, unanifundisha kazi?"

Na hapa lazima nieleze jambo ambalo kwa mwaka na miezi miwili sikulieleza kwa mtu yeyote. Sikio langu la kushoto limekufa. Niliugua homa, nikapona, asubuhi moja nikaamka upande ule hakuna kitu, kimya kama ukuta. Daktari wa masikio alipima, akasema mshipa umekufa, hautarudi. Nilimshukuru, nikatoka, nikaenda kazini. Ningewaambia nini pale gerejini? Sikio hasikii? Nilijikausha. Nikajifunza kusimama kushoto kwa wateja, kushika simu kulia, kuzima redio, na kusema "ehee" mtu akiongea sana. Mlio wenyewe bado niliujua. Kilichonipotea ni upande. Mwenye sikio moja, kila sauti kwake inatoka huko lilipo sikio. Nilijua hivyo, lakini kiburi nacho kina masikio yake: nilisikia kulia, nikasema kulia.

Ipo njia ya kuhakikisha, nayo ni rahisi. Unayumbisha gari kidogo barabarani. Ukienda kulia, uzito unalalia gurudumu la kushoto, na beringi mbovu ikilaliwa inapiga kelele zaidi. Mwanafunzi akikataa kufanya hivyo namfukuza. Mimi sikufanya. Sikio likayumbishe gari mbele ya Profesa wa Breki? Thubutu!

Alhamisi nikabadilisha beringi ya kulia. Kazi safi, nakwambia. Nilichomoa habu, kile kitovu cha gurudumu kinachobeba beringi, nikaenda kwa jamaa mwenye mashine ya kugandamiza, akaitoa ya zamani, akaingiza mpya, nikafunga, nikakaza. Ile ya zamani nilipoizungusha mkononi ilienda laini kabisa. Nikaitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu, nikajiambia eti baridi ikipoa huwa zinadanganya. Sijui hata nilimaanisha nini.

Saa kumi jioni tukaingia barabarani. Hamsini, kimya. Hamsini na tano, nikaanza kutabasamu. Sitini: uuuuu.

Mwalimu hakusema "nilikwambia". Angesema ningemjibu, tukagombana, tukaisha. Alitazama tu dirishani. Nilirudisha gari uani, nikazima, nikabaki nimeshika usukani.

"Dada," Mwalimu akasema polepole, "nimwambie jirani atutafutie gari la kukodi?"

"Hakuna gari la kukodi la kulipata kesho kwa safari ya keshokutwa, na unajua. Kesho saa mbili nitakuwa hapa."

"Na kama..."

"Nimesema kesho saa mbili!"

Nilimfokea mdogo wangu kwa kosa langu mwenyewe. Usiku ule sikulala vizuri, na sioni haya kulisema. Niliogopa mambo mawili. La kwanza, kwamba Mama atakosa macho yake kwa sababu binti yake fundi alikuwa anacheza na gari siku tatu. La pili lilikuwa baya zaidi: kwamba nitafunga kitu nisichokijua, niseme gari zima, kisha beringi ikwame, gurudumu likatike katikati ya safari, wote watatu tukiwa ndani. Kabla ya hapo sikuwahi kuogopa kazi yangu. Asubuhi nilipoamka hasira zilikuwa zimerudi mahali pake, na hasira zangu mimi huwa zinanisaidia.

Ijumaa saa mbili nilikuwa uani na jeki mbili na stendi mbili. Nilimtoa Mama barazani, nikamwekea kiti kivulini karibu na gari. Mwalimu akaleta kiboksi chake chekundu.

"Hicho peleka mbali," nikasema.

"Dada jamani."

"Haya, kiache. Inua upande wako, mimi nainua wangu."

Magurudumu ya mbele yote mawili yakaning'inia. Kuna ujuzi wa zamani alionifundisha fundi aliyenilea kazini, bibi mmoja mkali ambaye hakuamini kelele. Alikuwa anasema kelele inatembea kwenye bodi ya gari, inatokea hapa inasikika pale, lakini mtetemo hauhami. Unashika springi ile nene iliyo nyuma ya gurudumu kwa mkono mmoja, unazungusha gurudumu kwa mkono mwingine. Beringi ikiwa nzima, springi imelala tu. Ikiwa mbovu, springi inakuambia. Miaka yangu ya kwanza nilifanya hivyo kila siku, kisha sikio likanipa jina nikaacha kutumia mkono.

Nilianza kulia. Nikafumba macho, nikazungusha. Hakuna kitu, springi imetulia kama imelala usingizi. Bila shaka, beringi mpya hiyo. Nikazunguka kushoto, nikapiga magoti, nikaingiza mkono, nikazungusha.

Mchanga. Chembechembe, zinakwaruza, zinapita kwenye kiganja mpaka kiwiko.

Siku nyingine ningeruka nikapiga kelele. Siku ile nilibaki nimepiga magoti, sijiamini. Juzi nilikuwa na hakika vilevile. Nikainua kichwa nikamwona Mama kwenye kiti, mikono mapajani, ile mikono inayochambua mchele bila macho na kukuta kila kijiwe.

"Mama, njoo unisaidie kazi."

"Mimi?" Akacheka. "Mmefika huko?"

"Tumefika huko."

Tulimshika huku na huku. Nilimkalisha kwenye kigoda, nikaongoza mkono wake mpaka kwenye springi ya kulia, sikumwambia lolote. Nikazungusha. Kisha nikampeleka kushoto, nikazungusha tena.

"Kule ni maji tu," akasema. "Huku kuna mchanga. Nani kaweka mchanga kwenye gari la mwanangu?"

Hapo ndipo niliporuka. "Umeona! Umeona, Mwalimu! Kushoto! Lete soketi kubwa!"

Sikujali kwamba juzi nilisema kulia. Furaha ilinipanda kichwani. Nusu saa baadaye habu ya kushoto ilikuwa chini, na kabla ya saa nne jamaa wa mashine alikuwa ameshaitoa beringi. Nilirudi nayo uani nikaipasua juu ya gunia. Gololi zimeota vidonda, njia yake imechubuka upande mmoja kama imesagwa kwenye jiwe. Na beringi yenyewe haikuwa ya kuzeeka. Chuma chake kingine chote kilikuwa kinang'aa.

"Mwalimu."

"Naam, dada."

"Hii haikufa kwa uzee, imeuawa. Jumapili ulipofunga ekseli, ile nati kubwa ya katikati uliikaza kwa kitu gani?"

"Kwa spana."

"Spana ipi? Kwenye kiboksi chako hakuna spana ya ukubwa ule. Nimeangalia."

Akatazama viatu vyake. Mtu mzima, ana watoto wawili, anafundisha watu dunia nzima ilivyo.

"Niliazima."

"Kwa nani?"

"Kwa yule rafiki yangu mchomeleaji. Kule ng'ambo ya mto."

"Kilomita nane. Ulikwendaje?"

Kuku wa jirani akapita.

"Mwalimu, ulikwendaje?"

"Na gari."

Nilikaa chini kwenye gunia. "Ngoja nielewe. Uliendesha gari ambalo nati haijakazwa, ukaenda kuazima spana ya kuikazia hiyo nati?"

"Niliikaza kwa vidole, dada. Nikaendesha taratibu sana."

Nati ile ndiyo inayoibana beringi ikae pamoja. Bila kukazwa, uzito wote wa gari unaisaga kila gurudumu likizunguka, na kilomita nane zinatosha kabisa. Kicheko kilinijaa kifuani kama maji ya bomba. Kilomita nane! Gerejini wangekula kisa hiki mwaka mzima. Nikafungua mdomo nicheke, kisha swali lingine likanitoka badala yake.

"Spana hiyo mimi ninayo. Imetundikwa ukutani, unaiona ukiwa barabarani. Dakika tano kwa miguu. Kwa nini hukuja kwangu?"

Akainua uso. "Ungenicheka."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama anavyosema mvua inatoka baharini. Kicheko chote kikaniishia. Nilimkumbuka akipita pale gerejini akipunga mkono, Profesa wa Breki, na mimi nimesimama na wenzangu naonyesha meno. Mama yetu alikaribia kubaki gizani miezi minane kwa sababu mdogo wangu aliogopa meno yangu.

"Nisamehe," nikasema. Neno hilo kwangu si la kila siku, likatoka likikwaruza.

"Yameisha, dada. Ila na mimi nikuulize." Akakwangua grisi kidoleni. "Wewe hukosei. Juzi mbona ulisema kulia?"

Nilikuwa na majibu matatu tayari. Kelele inatembea kwenye bodi. Barabara ile ina mashimo. Tairi ya kulia imelika. Yote yangepita, Mwalimu angeyaamini. Lakini kijana wa watu alikuwa amekwisha kuvua aibu yake akaiweka pale juu ya gunia pamoja na gololi, na mimi nibaki nimevaa yangu?

"Sikio la kushoto limekufa," nikamwambia. "Tangu ile homa. Sijui tena sauti inatoka upande gani. Juzi sikusikia, nilibahatisha, na kiburi kikanizuia kupima."

Mwalimu alinitazama mdomo wazi. "Mwaka jana? Dada! Peke yako?"

"Peke yangu."

Nilimgeukia Mama nikitegemea kilio, au lawama, au "mwanangu wee". Mama alikuwa anajifuta grisi vidoleni kwa kona ya kanga.

"Basi fungeni gurudumu," akasema. "Jua linapanda."

Iliniuma kidogo, sitaficha. Nikadhani hakusikia, au ana mawazo ya kesho. Tukafunga. Beringi mpya, habu, ekseli, nati. Nati ile nilimpa Mwalimu aikaze mwenyewe, kwa spana yangu, mimi nimesimama pembeni nimefunga mdomo. Alikaza vizuri. Nikamwambia amekaza vizuri. Akainamisha uso akitabasamu kama mtoto.

Barabarani niliyumbisha gari kulia na kushoto mpaka mwenye baiskeli akatutukana. Sitini, sabini, tisini. Usukani ulikuwa umetulia viganjani mwangu.

"Mama, unasikia kitu?"

"Nasikia wewe unavyopumua kama umekimbizwa. Punguza mwendo."

Jumamosi alfajiri tulikuwa uani tayari. Nilikuwa nimechoka mikono, kwa hiyo Mwalimu ndiye wa kuendesha. Kwa mazoea nikafungua mlango wa nyuma wa kulia, mahali pa Mama pa kila siku. Yeye akapapasa bodi ya gari kwa kiganja, akaupita mlango ule, akazunguka, akafungua wa mbele kushoto na kuketi.

"Leo jua halikuchomi?" nikamuuliza.

"Jua halijawahi kunichoma. Macho yenyewe hayaoni, jua lichome nini?"

"Sasa mwaka mzima..."

"Mwaka mzima dereva ni wewe," akasema. "Nikikaa huku mbele ninakuwa upande wako mbovu. Naongea, huitiki, unasema ehee mahali pasipo na ehee. Nikaona nikae nyuma kulia, unisikie. Hata mezani, hujaona kiti changu kilihama?"

Niliona. Kilihama baada ya ile homa. Nilidhani ni kwa ajili ya upepo wa dirisha.

"Mbona hukusema, Mama?"

"Mwenye siri alikuwa hajaimaliza." Akavuta mkanda, akalitafuta tundu la kuufungia kwa vidole, akaufunga. "Haya, panda. Kaa huku nyuma yangu, kushoto, sikio zima litugeukie sote. Na wewe Mwalimu, washa gari, watu wana foleni."

Nilipanda nikakaa pale aliposema. Mwalimu akawasha, tukatoka getini, na kwa saa tatu nzima walibishana njia fupi ni ipi. Nilisikia kila neno.